Magavana wanne jela: mageuzi yapi ya maadili huzuia ufisadi wa jimbo, na yapi ni pambo?

Asubuhi ya tarehe 9 Desemba 2008, bado giza, simu ililia nyumbani kwa Gavana Rod Blagojevich jijini Chicago. Aliyepiga alikuwa mkuu wa FBI, wapelelezi wa serikali kuu ya Marekani, wa jiji hilo: maafisa wake wako mlangoni. Gavana akauliza kama huo ni mzaha.

Mkono uliotiwa pingu asubuhi ile ndio uliotia saini, Desemba 2003, sheria ya maadili ya viongozi na watumishi wa jimbo la Illinois. Sheria hiyo ilibana zawadi, ikaweka wakaguzi wa maadili, ikamtaka kila mtumishi wa jimbo apitie mafunzo ya maadili kila mwaka. Blagojevich alishinda uchaguzi wa 2002 akiahidi kufagia uozo alioacha gavana aliyemtangulia, George Ryan, ambaye naye baadaye alifungwa. Ryan alipokuwa Katibu wa Jimbo, leseni za madereva wa malori ziliuzwa kwa hongo ofisini kwake, na sehemu ya fedha ikaingia kwenye mfuko wake wa kampeni. Katika ajali moja ya mwaka 1994, iliyohusisha dereva aliyepata leseni kwa njia hiyo, watoto sita wa familia moja walikufa.

Kati ya 1961 na 2009 Illinois iliongozwa na magavana wanane, na wanne kati yao waliishia jela: Otto Kerner, Dan Walker, Ryan na Blagojevich. Anayetaka kumtetea Walker ana pa kuanzia, maana alifungwa kwa udanganyifu wa benki alioufanya baada ya kuondoka madarakani. Hao wengine sijui utawatetea kwa lipi.

Basi swali si la darasani. Ndugu zetu waliopata uraia na wanapiga kura Chicago au Columbus husikia kila msimu wa uchaguzi mgombea akiahidi "mageuzi ya maadili". Nasi huku, tangu Kenya iwe na kaunti 47 mwaka 2013, tunasikia wimbo huohuo kwa sauti ya nyumbani. Lakini jina hilo moja limebeba vitu vinavyotofautiana kabisa, na rekodi ya majimbo ya Marekani ni ndefu kiasi kwamba tunaweza kuviweka sambamba na kuona kipi kilifanya kazi.

Kutangaza au kukataza: Virginia na California

Mageuzi yanayopendwa zaidi na wanasiasa ni ya kutangaza. Pokea unachopokea, ila ukiandike kwenye fomu. Virginia iliishi hivyo kwa miaka mingi: hakukuwa na kikomo cha thamani ya zawadi ambayo kiongozi angeweza kupewa, mradi aitangaze. Gavana Bob McDonnell na mkewe wakapokea zawadi na mikopo ya zaidi ya dola 175,000 kutoka kwa mfanyabiashara mmoja wa virutubisho aliyetaka vyuo vikuu vya jimbo vifanyie utafiti bidhaa yake. Humo mlikuwa na saa ya Rolex na gharama za chakula kwenye harusi ya binti yao.

McDonnell alitiwa hatiani mwaka 2014. Juni 2016 Mahakama Kuu ya Marekani ikaifuta hukumu hiyo kwa kauli moja, ikisema kumpangia mtu mikutano na kumkutanisha na maafisa, peke yake, si "kitendo cha kiofisi" kinachoweza kuuzwa kwa maana ya sheria ya rushwa. Harufu ilikuwepo, kosa halikuwepo. Virginia ilikuja kuweka ukomo wa dola 100 kwa zawadi zinazotoka kwa washawishi, yaani watu wanaolipwa kuwabembeleza viongozi kwa niaba ya wenye maslahi, na kwa wenye biashara na serikali, mambo yakiwa yamekwisha kuharibika.

California ilichukua njia nyingine mapema. Mwaka 1974, joto la Watergate, kashfa iliyomng'oa Rais Nixon, likiwa bado juu, wapiga kura wenyewe walipitisha Pendekezo la 9. Mshawishi aliyesajiliwa hawezi kumpa mbunge wa jimbo au afisa zawadi ya zaidi ya dola 10 kwa mwezi. Jerry Brown, aliyeipigia debe, alisema kiasi hicho kinatosha hambaga mbili na koka. Tume ya kusimamia ina wajumbe watano, na chama kimoja hakiruhusiwi kuwa na zaidi ya watatu.

Je, California ikawa nchi ya malaika? Wapi! Miaka ya themanini FBI waliunda kampuni hewa ya kamba wa baharini, wakapeleka mswada wa kuisaidia, na wabunge kadhaa wakanasa. Seneta wa jimbo Leland Yee naye alikiri makosa mwaka 2015. Tofauti iko hapa: aliyetaka kula California alilazimika kujificha, wakati wa Virginia alikuwa na fomu ya kumlinda. Kwangu hiyo ni tofauti kubwa, kwa sababu mtu anayejificha huacha nyayo, naye anayetangaza huacha risiti.

Tunazijua fomu. Tanzania viongozi wa umma hupeleka matamko yao ya mali na madeni kwa Sekretarieti ya Maadili kabla mwaka haujaisha. Sisemi fomu haina kazi. Nasema fomu ni tochi, na tochi haina maana kama hakuna aliyeishika.

Takrima ya Kimarekani

Hapa niingize jambo ambalo Mtanzania wa umri wangu atalielewa haraka kuliko Mmarekani mwenyewe. Mwaka 2000 sheria yetu ya uchaguzi iliruhusu takrima, ule ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, hadi Mahakama Kuu ilipoitupa mwaka 2006 kwa kuwa inakwenda kinyume cha Katiba. Mstari kati ya ukarimu na hongo ulikuwa umefutwa na wale wale waliotakiwa kuuchunga.

Juni 2024 Mahakama Kuu ya Marekani ilifanya kitu kinachofanana na hicho. James Snyder, aliyekuwa meya wa mji wa Portage, Indiana, alilipwa dola 13,000 na kampuni ya malori baada ya kampuni hiyo kushinda zabuni za mji. Majaji sita dhidi ya watatu waliamua kwamba sheria ya serikali kuu iliyotumika haigusi asante inayotolewa baada ya kazi. Ikiwa majimbo na miji yanataka kuikataza, yaikataze yenyewe. Kwa hiyo jimbo ambalo sheria yake inasema tu "hongo ni marufuku" limeacha mlango wa nyuma wazi: fanya kazi kwanza, chai itakuja.

Sheria pana au marufuku finyu: Illinois dhidi ya Illinois

Ulinganisho ninaoupenda zaidi hauhitaji majimbo mawili. Illinois ilijaribu yote mawili chini ya gavana mmoja.

Ya kwanza ni ile sheria pana ya 2003. Ya pili ilikuja 2008 na ilikuwa nyembamba kama uzi: mwenye mikataba na jimbo ya zaidi ya dola 50,000 asimchangie kiongozi anayetoa mikataba hiyo. Basi. Hakuna falsafa ndani yake wala semina.

Angalia jinsi Blagojevich alivyozipokea. Ile pana aliitia saini mbele ya kamera. Hii nyembamba aliirudisha bungeni Agosti 2008 akiwa ameibadilisha, na bunge likaupiga kumbo uamuzi wake. Seneti ya jimbo ilipiga kura 55 kwa sifuri. Barack Obama, wakati huo mgombea urais, ilibidi ampigie simu Rais wa Seneti hiyo, Emil Jones, ili kura iitishwe. Sheria ikapangiwa kuanza tarehe 1 Januari 2009.

Kilichofuata ni tiba kwa kila anayedhani sheria zote ni maneno. Kwa mujibu wa hati ya mashtaka, gavana alitaka kukusanya dola milioni 2.5 kabla mwaka haujaisha, kabla mlango haujafungwa. Wakubwa wa hospitali ya watoto walibanwa wachange dola 50,000, huku nyongeza ya dola milioni 8 kwa malipo ya madaktari wa watoto ikining'inizwa. Mwenye viwanja vya mbio za farasi akabanwa naye. FBI walikuwa wakisikiliza simu zake, na kiti cha Seneti ya Marekani alichokiacha Obama, ambacho gavana ndiye wa kukijaza, kikaingia humo humo kama bidhaa sokoni. Seneti ya Illinois ilimvua madaraka Januari 2009 kwa kura 59 kwa sifuri, na mwaka 2011 akahukumiwa miaka 14.

Sidai kwamba marufuku ile ndiyo iliyomkamata. Waliomkamata ni wanasa sauti. Lakini ndiyo iliyomtia kiwewe. Miaka mitano ya mafunzo ya maadili haikumtoa jasho, na miezi mitatu ya tarehe ya mwisho ilimfanya aende mbio hadi akajikwaa. Ukitaka kujua sheria ipi ina meno, usiisome kwanza. Mtazame anayeogopa.

Maji, hata hivyo, hutafuta njia. Baada ya mchango wa mkandarasi kuzibwa, na baada ya ukomo wa kwanza wa michango kuanza Illinois mwaka 2011, ufisadi ulihamia kwenye ajira. Kampuni ya umeme ya ComEd ilikiri mwaka 2020 kwamba kati ya 2011 na 2019 iliwapa kazi na mikataba watu wa karibu wa Spika Michael Madigan, wengine wakilipwa bila kufanya chochote cha maana, ili imridhishe wakati miswada yake ikipita bungeni. Jumla ya malipo hayo ilikuwa dola milioni 1.3 hivi, na faini iliyolipwa ilikuwa dola milioni 200. Madigan alikuwa ameshika kiti cha Spika tangu 1983, ukiondoa miaka miwili tu, hadi 2021.

Anayepinga marufuku finyu atakwambia: unaona, uliziba shimo moja panya akachimba lingine. Ni kweli. Ila linganisha mashimo hayo. Mkandarasi kuandika hundi huchukua dakika moja. Kumlipa mtu mshahara hewa mwezi baada ya mwezi, kwa miaka minane, kupitia kampuni ya kati, kunahitaji watu wengi, karatasi nyingi na midomo mingi inayoweza kugeuka shahidi. Kuufanya ufisadi uwe wa taabu ni ushindi, ingawa hakuna mgombea atakayeuimba jukwaani.

Mlinzi: nani anamwandikia mshahara?

Illinois ina mkaguzi wa maadili wa bunge. Kwenye karatasi anapendeza. Juu yake iko tume ya wajumbe wanane, nao wote ni wabunge, na mkaguzi akitaka hati ya kumlazimisha mtu alete nyaraka au aje kutoa ushahidi lazima tume hiyo imkubalie. Kwa takriban miaka mitatu kabla ya mwishoni mwa 2017 kiti chake kilikaa bila mtu wa kudumu, na malalamiko yakarundikana. Mwaka 2021, wakati Madigan tayari ameondoka kwa aibu, bunge lilipitisha mageuzi mapya. Aliyekuwa mkaguzi, Carol Pope, aliyasoma kisha akatangaza kujiuzulu, akisema ofisi yake ni chui wa karatasi. Nilipoona hivyo sikuhitaji uchambuzi mwingine wa sheria ile.

New York ina hadithi ya kuchekesha kama huna hasira. Julai 2013 Gavana Andrew Cuomo aliunda tume ya kuchunguza ufisadi wa bunge la jimbo. Machi 2014 akaivunja, kwa sababu bunge lilikubali kupitisha sheria za maadili. Yaani mageuzi ya maadili yalitumika kama malipo ya kusimamisha uchunguzi. Mwendesha mashtaka wa serikali kuu jijini New York akachukua mafaili ya tume, na kufikia mwisho wa 2015 Spika Sheldon Silver na kiongozi wa Seneti Dean Skelos walikuwa wametiwa hatiani, wiki mbili hivi zikipita kati ya mmoja na mwingine. Hukumu zao zilifutwa 2017 kwa sababu ya ile kesi ya McDonnell, wakashtakiwa upya, wakatiwa hatiani tena 2018.

Kilichokuja baadaye ndicho cha kuangalia. Tume ya maadili ya 2011, iliyoteuliwa moja kwa moja na gavana na viongozi wa bunge na ambayo kikundi kidogo cha wajumbe kiliweza kukwamisha uchunguzi wake, ilifutwa 2022. Katika tume mpya wanasiasa bado wanapendekeza majina, lakini kamati ya wakuu wa vyuo vya sheria vya jimbo huyachuja na inaweza kuyakataa. Cuomo, ambaye tayari alikuwa ameondoka madarakani, aliipeleka mahakamani akidai inapora mamlaka ya gavana. Februari 2025 mahakama ya juu ya jimbo iliiacha isimame kwa kura nne kwa tatu. Kipimo changu cha woga kinafanya kazi na hapa.

Kati ya walinzi hao wawili nachagua wa New York bila kusita, japo bado ni mchanga. Wa Illinois anaomba ruhusa kwa anaowachunguza.

Fedha za kampeni: Connecticut na Ohio

Gavana John Rowland wa Connecticut alijiuzulu Julai 2004 na kukiri kosa baadaye mwaka huo. Watu wenye biashara na jimbo walikuwa wamemtengenezea nyumba yake ya mapumziko kando ya ziwa, pamoja na kumwekea beseni la maji moto. Desemba 2005 jimbo likapitisha kitu kizito: wakandarasi wa jimbo wasichangie, na mgombea anayekusanya michango midogo ya kutosha kutoka kwa wakazi apewe fedha za umma. Mwaka 2008, mgombea wa Baraza la Wawakilishi alihitaji dola 5,000 kutoka kwa watu wasiopungua 150 ili apate ruzuku ya dola 25,000 hivi. Chanzo cha fedha ni mali iliyotelekezwa, kama akaunti za benki zisizo na mwenyewe, kwa hiyo hakuna kodi mpya ya kulalamikia. Joe Ganim, meya wa Bridgeport aliyewahi kufungwa miaka saba kwa ufisadi kisha akachaguliwa tena, alipotaka fedha hizo agombee ugavana alinyimwa kwa sababu ya rekodi yake.

Sasa weka Ohio kando yake. Ohio ina ukomo wa michango na ina fomu za kutangaza. Spika Larry Householder alizipita zote kwa kutumia shirika lisilo la faida lisilolazimika kutaja wafadhili wake. Humo zilipita dola milioni 60 hivi kutoka upande wa kampuni ya umeme ya FirstEnergy, na mwaka 2019 mswada wa zaidi ya dola bilioni moja wa kuokoa mitambo miwili ya nyuklia ukapita. Householder alihukumiwa miaka 20 mwaka 2023.

Connecticut haijapata dawa ya kila kitu. Tangu hukumu za Mahakama Kuu ya Marekani za 1976 na 2010, jimbo haliwezi kumzuia tajiri kutumia fedha zake wala makundi ya nje kutumia zao. J.B. Pritzker alitumia zaidi ya dola milioni 170 zake mwenyewe kushinda ugavana wa Illinois mwaka 2018. Ruzuku ya umma inamsaidia mgombea asiye na tajiri nyuma yake; haimzuii tajiri. Na usidhani haya ni ya ng'ambo tu: Sheria ya Fedha za Kampeni ya Kenya ipo tangu 2013, na chaguzi za 2017 na 2022 zilipita bila ukomo wake kutumika.

Nachaguaje, basi?

Nikiletewa kura ya maoni kesho, naanza na mlinzi: asiyeteuliwa moja kwa moja na anaowachunga, mwenye uwezo wa kudai nyaraka bila kuomba, na bajeti isiyokatwa kwa hasira. Pili, marufuku finyu yenye namba: zawadi kiasi hiki, mkandarasi asichange, na asante ya baada ya kazi ihesabiwe hongo. Tatu, ruzuku ya umma kwa wagombea, mahali ambapo kuna chanzo cha fedha kisichogombaniwa kila mwaka. Ukomo wa kazi za pembeni nauweka hapohapo karibu. Silver alipata karibu dola milioni 4 za ada kupitia kampuni za mawakili, na Madigan alikuwa na kampuni ya uwakili ya kukata rufaa za kodi za majengo huku akiongoza bunge. Fomu za kutangaza naziweka nne, kama chakula cha mlinzi. Mafunzo ya maadili ya kila mwaka siyawekei namba.

Wapo wanaosema mageuzi yote hayo ni kupoteza muda, jela inatosha. Kila niliyemtaja aliyefungwa alifungwa kwa mashtaka ya serikali kuu, si ya jimbo lake. Jela inatisha, sikatai. Lakini inategemea jinsi majaji wa Washington wanavyosoma neno "kitendo", na inategemea pia kalamu ya rais. Tarehe 10 Februari 2025 Rais Trump, ambaye tayari alikuwa amemfupishia Blagojevich kifungo mwaka 2020, alimpa msamaha kamili. Siku mbili baadaye, jijini Chicago, baraza la mahakama lilimtia Madigan hatiani kwa mashtaka 10 kati ya 23. Juni akahukumiwa miaka saba na nusu, na kwenye kiti cha mkaguzi wa bunge alilolitawala, hati ya kudai nyaraka bado huombewa ruhusa kwa wabunge wanane.